Kadi ya Waifai na Hewa ya Wote

Kadi ya waifai ya kompyuta mpakato za siku hizi ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30. Imefichwa chini ya kibodi, imeshikwa na skrubu moja, na wengi hutumia kompyuta zao miaka na miaka bila kuiona hata siku moja. Ukinunua kitanda, shati au meza ya kusomea, unajitazama mwenyewe: mwili wangu, chumba changu, mfuko wangu. Kadi hii haichaguliki hivyo. Kazi yake yote ni kusema na kusikiliza katika hewa ambayo majirani nao wanaitumia, kwa hiyo anayeichagua hana budi kuwafikiria watu ambao pengine hajui hata majina yao. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na kila nikilirudia naona lina mafunzo makubwa kuliko umbo lake.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasoma chuo Dodoma na anaishi hosteli. Likizo iliyopita alikuja Dar es Salaam na laptopu yake ya mtumba, mojawapo ya zile zinazoingia kwa makontena kutoka Dubai na Ulaya. Ni mashine ya karibu mwaka 2015, imara, kibodi yake nzuri kuliko nyingi zinazouzwa mpya leo. Alipokwisha kula na kupumzika aliniambia kama mtu aliyekwisha kata shauri:

"Mjomba, hii laptopu imechoka. Mchana mtandao wa hosteli uko sawa, lakini ikifika saa moja usiku haishiki kitu. Naomba unisaidie nipate nyingine."

"Na simu yako je, saa hizo?"

"Simu inashika vizuri tu. Nikikwama nasomea kwenye simu."

Jibu hilo lilikuwa nusu ya uchunguzi. Chumba kimoja, ruta moja, saa ileile, malipo yaleyale; simu inapata na laptopu haipati. Basi kosa halikuwa la mwenye hosteli, wala la kampuni ya intaneti, wala la mkonga wa baharini. Na laptopu yenyewe haikuwa imechoka. Diski yake ilikuwa nzima, prosesa yake ilitosha kabisa kwa kazi za mwanafunzi. Kilichoshindwa kilikuwa kiungo kimoja ndani yake, kile kinachozungumza na ruta. Mara nyingi katika maisha tunapotaabika tunakihukumu kitu kizima: kazi nzima, ndoa nzima, mji mzima. Swali la kuuliza kwanza ni nani mwingine yuko palepale nilipo na hali yake ni njema, na kipi alichonacho ambacho mimi sina.

Simu ya mpwa wangu ilikuwa na uwezo wa kutumia masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Kadi ya laptopu yake ilijua moja tu, 2.4. Hapa niseme neno kwa sababu watu wengi huchanganyikiwa. Ruta nyingi hutangaza majina mawili, na moja huishia na 5G. Hiyo 5G ya ruta haina uhusiano wowote na mtandao wa 5G wa kampuni za simu. Ni kifupi cha gigahezi 5 tu. Mpwa wangu aliliona jina hilo kwenye simu, hakuliona kwenye laptopu, na akadhani ni huduma ya kulipia zaidi.

Kwa nini 2.4 ishindwe usiku? Jibu lina historia, na historia yenyewe inastahili kusimuliwa. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu watu kutumia baadhi ya masafa ya redio bila kuomba leseni. Mojawapo ni hayo ya gigahezi 2.4, ambayo yalihesabiwa kuwa takataka, kwa kuwa oveni za maikrowevu hutoa mawimbi yake humohumo. Hakukuwa na kampuni kubwa za kugombania eneo hilo. Juu ya masafa hayo yaliyodharauliwa ndipo waifai ilipojengwa. Mwongozo wa kwanza wa waifai, uitwao 802.11, ulitoka mwaka 1997, ukiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 ukaja wa megabiti 11, na mwaka huohuo kampuni kadhaa zikaunda umoja wa kupima bidhaa zao, ili kadi ya mtengenezaji mmoja ielewane na ruta ya mwingine. Mholanzi Vic Hayes, aliyeiongoza kamati ya 802.11 kwa muongo mzima wa 1990, anakumbukwa zaidi kwa kuwakalisha washindani meza moja mpaka wakakubaliana. Mimi namheshimu sana mtu wa aina hiyo. Wavumbuzi husifiwa, lakini bila wapatanishi tungekuwa na kadi ishirini zisizosalimiana.

Basi kitu cha bure hujaa watu. Masafa ya 2.4 ni membamba. Yamegawanywa katika chaneli, lakini chaneli hizo zinalaliana, na zisizogusana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Katika jengo la hosteli, ikifika saa moja usiku, humo kuna laptopu za wanafunzi, simu za bei nafuu, spika za Bluetooth, vipokea sauti vya masikioni, panya wasio na waya, ruta za jengo la jirani, na simu zinazogawa bando kwa simu nyingine. Wote wamebanana katika masafa hayo membamba.

Na jinsi wanavyoishi pamoja humo ndiyo iliyonifanya nikae kitako nifikiri.

Mwaka 1971 huko Hawaii, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu walianzisha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet, uliounganisha kompyuta katika visiwa mbalimbali. Sheria yake ilikuwa nyepesi: ukiwa na ujumbe, utume. Wawili wakituma kwa wakati mmoja, ujumbe wote unaharibika, na kila mmoja angoje kwa muda wa kubahatisha kisha arudie. Ulifanya kazi, na ulifungua njia kwa yote yaliyofuata. Lakini hesabu zilionyesha kwamba pale kila mtu anaposema anapojisikia, kiasi cha hewa kinachobeba ujumbe uliofika salama hakizidi asilimia 18 hivi. Iliyobaki inaliwa na migongano, na pia na ukimya ambao hakuna aliyeutumia.

Waifai iliongeza jambo moja ambalo ni la adabu kabisa: sikiliza kabla ya kusema. Kadi yenye ujumbe husikiliza kwanza. Ikisikia mwingine anasema, hungoja. Kukiwa kimya, bado haikurupuki. Hungoja kidogo zaidi, muda wa kubahatisha, ili kadi mbili zilizokuwa zikingoja pamoja zisianze pamoja. Zikigongana, hungoja tena, na safari hii ukomo wa kungoja unaongezwa maradufu. Zikigongana mara nyingine, unaongezwa tena. Yaani kadri ugomvi unavyojirudia ndivyo kila mmoja anavyojizuia zaidi kabla ya kurudi. Ningetamani sana kuona watu wazima wakiishi hivyo kwenye vikao vya mirathi.

Lipo na jambo la pili. Kadi ikiwa inasema, haiwezi kusikia. Mawimbi yake yenyewe yana nguvu mno karibu na antena yake kiasi kwamba sauti dhaifu ya mwingine inafunikwa. Haina njia ya kujua, wakati inasema, kama ujumbe wake unafika au unagongana na wa mwingine. Kwa hiyo watunga mwongozo waliweka sharti kwamba anayepokea ajibu kwa ujumbe mfupi sana: nimepokea. Msemaji asipopata jibu hilo, anachukulia kwamba hakusikika na anarudia. Halaumu, anarudia tu. Nilipolielewa hili nilikumbuka mazungumzo mengi nyumbani kwetu ambayo yangepona kama mmoja wetu angetoa jibu hilo dogo la kupokea, hata kama hakubaliani na kilichosemwa.

Sasa tuje kwenye kadi ya mpwa wangu na wenzake. Waifai hutoa zamu kwa usawa: kila kifaa, kwa wastani, kinapata nafasi ya kusema mara nyingi sawa na vingine. Ni haki, lakini haki hii ina tundu. Kifaa kilicho mbali na ruta, au chenye kadi dhaifu, hupunguza kasi ili kieleweke. Furushi la kawaida la baiti 1,500 likitumwa kwa kasi ya megabiti 54 linachukua chini ya robo ya milisekunde hewani. Furushi lilelile likitumwa kwa megabiti 1 linachukua milisekunde 12. Zamu ni moja kwa kila mmoja, lakini mmoja ameitumia hewa mara hamsini na nne zaidi ya mwenzake. Fikiria kikao cha ukoo ambapo mwenyekiti ametangaza kwamba kila mtu atasema mara moja. Watano wanasema dakika moja moja. Wa sita anasimama, anaanzia enzi za babu, na jua linazama. Kanuni haikuvunjwa, kila mtu alipata zamu yake, lakini jioni imekwenda.

Mwaka 2003 Martin Heusse na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, walilipima jambo hili na kuonyesha kwamba kifaa kimoja cha polepole kinawashusha wote. Wenye kadi za kasi nao wanaishia kupata kiasi kilekile kidogo anachopata wa polepole. Miaka mingi ikapita kabla ya dawa nzuri kupatikana. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad, Uswidi, na wenzake walichapisha namna ya kugawa hewa ndani ya Linux ili kila kifaa kipewe muda sawa badala ya zamu sawa. Ni badiliko dogo kwenye programu, lakini ndani yake kuna swali ambalo kila jamii inajiuliza: usawa tupime kwa nini? Kwa zamu, au kwa kile ambacho kila mmoja anakichota kutoka chungu cha wote?

Nililikalia swali hilo kwa sababu jibu la haraka ni baya. Ni rahisi kusema wenye vifaa vya polepole waondolewe. Lakini nani ana kifaa cha polepole? Mara nyingi ni yule aliyepewa chumba cha mwisho wa korido, ambako ruta inasikika kwa mbali. Au ni yule ambaye simu yake ya bei ndogo ina masafa ya 2.4 peke yake na hana fedha ya nyingine. Hakuchagua kuwa mzigo. Anayo haki ya kuungwa kwenye mtandao kama mwenzake mwenye simu ya milioni mbili.

Hapo ndipo nilipoiona kadi ya mpwa wangu kwa macho mengine. Masafa ya gigahezi 5 ni mapana zaidi na chaneli zake zisizogusana ni nyingi mara kadhaa kuliko tatu za 2.4. Udhaifu wake ni kwamba hayapenyi kuta vizuri, hivyo anayeyatumia inampasa awe karibu na ruta. Chumba cha mpwa wangu kinatazamana na ruta ya korido. Yaani yeye alikuwa katika nafasi nzuri kabisa ya kuhamia masafa ya 5, na kwa kutohama alikuwa amekaa kwenye chaneli ileile finyu pamoja na wale wasio na pengine pa kwenda. Akibadilisha kadi, atapata kasi, ndiyo. Na papo hapo atawaachia wenzake hewa yao. Wanaoweza kuhama wakihama, wasioweza wanapumua.

Nilimweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mjomba, muda wote ule mimi nilikuwa nawabana na wao wananibana?" Nikamwambia ndivyo, bila mmoja wenu kukusudia. Sidhani kuna maelezo bora zaidi ya namna watu wema wanavyoumizana mijini.

Tukaenda Kariakoo na laptopu mkononi. Nasisitiza hilo la laptopu mkononi, kwa sababu dukani tulikutana na kadi nyingi na kila muuzaji ana yake ya kusifia. Kijana mmoja alitutolea kadi ya Wi-Fi 7, kizazi kipya kabisa, akaweka na ya AX210 ya Intel, ya kizazi cha Wi-Fi 6E, yenye kasi ya hadi megabiti 2,400 kwa sekunde. "Mzee wangu, chukua hii, hutarudi tena dukani miaka kumi," aliniambia. Nilimwelewa, anatafuta riziki yake na bidhaa yake ni nzuri kweli. Lakini ruta ya hosteli ni ya kizazi cha Wi-Fi 5. Kadi na ruta huongea kwa lugha ya mwenye kizazi cha chini. Ukubwa wa mmoja hauwezi kumkuza mwenzake. Na nyuma ya ruta hiyo kuna intaneti ambayo kila mwanafunzi hupata megabiti chache tu. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya hewani, kati ya kadi na ruta, tena katika hali njema mno. Ukitoa muda wa kusikilizana na kungojana, kinachobaki mkononi mara nyingi ni kama nusu yake. Kadi ya 2,400 haiwezi kuchota maji yasiyokuwepo kwenye bomba.

Kulikuwa pia na kadi ya AX211, sura yake karibu sawa na ya AX210, bei yake chini zaidi. Hii ndiyo inayowaumiza watu. Kadi za Intel zinazoishia na 1 katika familia hiyo, kama AX201 na AX211, si kamili. Nusu ya kazi yake imo ndani ya prosesa za Intel za miaka ya karibuni. Ukiichomeka kwenye mashine ya zamani, au yenye prosesa ya AMD, inaingia vizuri kwenye tundu, inafungwa skrubu, na haifanyi lolote. Inayoishia na 0 inajitosheleza. Tarakimu moja tu. Wapo watu hodari kabisa katika kazi fulani ambao nusu ya uhodari wao ulikuwa kwa mwenzao waliyekuwa naye. Wakihamishiwa kwingine peke yao wanaonekana hawajui kitu, na tunawaita wazembe. Kabla ya kumlaumu mgeni kazini, huwa najiuliza nusu yake nyingine iliachwa wapi.

Fundi tuliyemfuata baadaye, kijana mtulivu mwenye kibanda chembamba, hakuanza na kadi. Alizima mashine, akafungua kifuniko cha chini, akachomoa betri, kisha akatazama. "Shikamoo mzee. Hapa kuna waya mmoja tu," alisema. Kadi ya zamani ilikuwa na tundu moja la antena, na waya mmoja mweusi ulipita kwenye bawaba kwenda juu, pembeni mwa skrini, ambako antena hukaa. Kadi nyingi nzuri zina matundu mawili na hutumia antena mbili kwa pamoja. Ukiipa waya mmoja inafanya kazi, lakini nusu ya uwezo wake unalala. Tena fundi alisema hawezi kuapa kwamba antena ile ilitengenezwa kwa ajili ya gigahezi 5; iliyowekwa na kadi ya 2.4 pekee huenda nayo ikawa ya 2.4 pekee.

Kama tungeinunua ile kadi ya gharama na kuondoka nayo, tungeifunga juu ya antena isiyoifaa, na miezi miwili baadaye mpwa wangu angeniambia tena laptopu imechoka. Nguvu ya kadi haimo ndani ya kadi. Imo kwenye waya, kwenye antena iliyofichwa pembeni mwa kioo, kwenye ruta ya korido, kwenye wanafunzi wa vyumba vya jirani. Wahenga walisema mtu ni watu. Naona hata kipande hiki cha plastiki na shaba kimeumbwa kwa kanuni hiyohiyo. Tunawapeleka vijana kwenye kozi, tunawapa vyeti, tunawabadilishia "kadi", na hatuulizi kama nyumbani au kazini kuna waya wa kuibeba sauti yao.

Uamuzi wetu ulikuwa hivi. Fundi alikuwa na kifuniko cha skrini cha laptopu iliyovunjika kioo, chenye antena mbili za masafa yote mawili. Alizitoa kwa uangalifu, akazipitisha kwenye bawaba, akazibandika juu ya skrini. Kisha tukachukua kadi ya Intel 8265, ya kizazi cha Wi-Fi 5, antena mbili, kasi ya hewani hadi megabiti 867, na Bluetooth ndani yake. Si mpya, ni kadi iliyoanza kuuzwa mwaka 2016. Bei yake ilikuwa chini mno ya ile ya kwanza, na fedha iliyobaki ililipia antena na kazi ya fundi. Kwa mashine ya umri ule, na kwa ruta ile, naamini hiyo ndiyo kadi sahihi. Mwingine mwenye laptopu ya mwaka juzi na ruta ya Wi-Fi 6 nyumbani ningemwambia achukue AX210 bila kusita.

Tulijaribu kabla ya kulipa, na hili lilikuwa wazo la fundi mwenyewe. Alieleza kwamba baadhi ya watengenezaji wa laptopu, hasa miaka ya nyuma, waliweka ndani ya BIOS, programu inayoiwasha mashine, orodha ya kadi wanazozikubali. Ukiweka isiyo kwenye orodha, mashine inakataa kuwaka na inatoa onyo kwamba kadi hii haina ruhusa. Sababu iliyotajwa mara nyingi ni sheria za redio, kwa kuwa kadi na antena za mashine hupimwa na kupewa kibali pamoja. Huenda ni kweli. Hata hivyo naona ni vibaya kumwuzia mtu mashine kisha ukabaki na ufunguo wa mlango mmojawapo. Aliyenunua kitu kwa jasho lake anastahili kukifungua, kukikagua na kukitengeneza, na nchi kama zetu, ambako laptopu moja hupitia mikono mitatu au minne kabla ya kufa, ndizo zinazoumia zaidi na vizuizi vya namna hiyo. Kwa bahati njema mashine ya mpwa wangu haikuwa na kizuizi hicho. Iliwaka, ikaitambua kadi, na jina lile lililoishia na 5G la ruta ya duka la jirani likaonekana kwenye orodha kwa mara ya kwanza.

Zile njia za mkato nazo zipo, na sizidharau. Kuna vipokezi vidogo vya USB vinavyochomekwa pembeni mwa laptopu, na kwa asiye na fundi wa kumwamini ni suluhisho la heshima. Shida yake ni kwamba vingi vina antena ndogo mno, huchukua tundu la USB, na hupotea. Ukinunua cha USB, hakikisha kimeandikwa kwamba kinatumia masafa yote mawili, la sivyo umejirudisha mlemle ulimotoka. Na kama unatumia Linux, uliza kwanza kama kadi ina programu ya kuiendesha iliyo tayari ndani ya mfumo. Za Intel na nyingi za Atheros zinayo.

Mpwa wangu amerudi Dodoma na laptopu ileile aliyotaka kuitupa. Jioni anafanya kazi zake kwenye gigahezi 5. Alinipigia siku moja akaniambia kwamba amekwishawaeleza wasichana wa chumba chake, na wawili wameangalia laptopu zao na kukuta kadi zao zilikuwa na uwezo wa masafa yote mawili tangu zamani. Walikuwa wamejiunga na jina la 2.4 kwa mazoea tu, na laptopu zikawa zinalirudia kila siku. Hao hawakuhitaji kutoa hata shilingi. Walibadilisha jina la kuungana nalo, basi.

Kwa hiyo, msomaji, nakuomba jambo. Kama unatumia Windows, fungua dirisha la amri, andika netsh wlan show drivers, na utazame mstari unaotaja aina za redio. Ukiona 802.11ac au 802.11ax, kadi yako inajua gigahezi 5. Itumie unapokuwa karibu na ruta. Ukiona b, g na n peke yake, huenda imefungwa kwenye 2.4: nenda na laptopu yenyewe kwa fundi, ahesabu nyaya za antena kabla hujatoa fedha, na mjaribu kadi kabla ya kulipa. Fanya hivyo wiki hii kama uwezo unao. Kwenye korido yenu yupo mtu ambaye simu yake haina pengine pa kuhamia, na nafasi utakayomwachia ataitumia usiku huohuo.